Kona ya Kompyuta: Kabla ya Seva, Majina



Katibu wetu alipohitimu, sanduku la barua pepe alilolitumia kwa shughuli za chama lilifungwa, maana lilikuwa lake binafsi. Mialiko, barua za wahitimu wa zamani, hata orodha ya waliolipa ada, vyote vikaenda nalo. Ndipo mkutano ukanipa kazi ya kuandaa seva yetu wenyewe ya barua, ambayo kila mtu ataisomea kwenye kivinjari popote alipo. Wengi mnaniuliza mbona kimya. Wiki ya tatu hii na sijasakinisha programu hata moja. Napanga majina.

Nilidhani nitaweka kompyuta ndogo kwenye besimenti ya mjomba hapa Champlin, tukitazamana na Anoka ng'ambo ya mto Mississippi, iwake usiku na mchana. Haikufaa. Kampuni nyingi zinazouza intaneti ya majumbani hufunga mlango namba 25, ambao seva hupelekeana barua kwa kuupitia, na namba ya nyumbani yenyewe huweza kubadilika bila taarifa. Basi tumekodi mashine kwingine, na besimenti imebaki na mashine ya kufulia.

Halafu kikoa. Hapo tuligombana kidogo. Wakenya walikumbusha kwamba .ke ipo tangu 1993; Watanzania na Waganda, ambao .tz na .ug zao ni za 1995, hawakutaka kusikia. Tukaangukia .org, na chai ikanywewa.

Jina likishapatikana, lazima dunia iambiwe linakaa wapi. Hiyo ndiyo kazi ya DNS, mfumo aliouandika Paul Mockapetris mwaka 1983, wakati majina ya kompyuta zote za mtandao yalikuwa bado kwenye faili moja. Rekodi ya A inasema jina fulani ni namba fulani. Rekodi ya MX, iliyokuja 1986, huwasumbua wengi, lakini sisi tuna mfano wake tayari. Hapa Champlin tarishi huleta barua hadi kisanduku cha nyumba yako. Kwetu barua huenda S.L.P., nawe unaifuata posta. Ukihama nyumba, sanduku halihami. MX ni S.L.P. ya kikoa: tovuti inaweza kukaa kwenye mashine moja na barua zikaenda nyingine kabisa.

Sharti moja nililivunja mwenyewe. MX lazima itaje jina lenye rekodi yake ya A, si lakabu ya jina jingine. Mimi niliweka lakabu. Baadhi ya seva zilivumilia, nyingine zikarudisha barua za majaribio, na nilipokwisha sahihisha ilinibidi kusubiri, kwa sababu nilikuwa nimeruhusu rekodi ile ikumbukwe kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Ukiwa bado unajaribu, weka 300. Dakika tano utazivumilia.

Kupokea barua ni rahisi kuliko kuaminiwa unapotuma. Seva inayopokea huitazama namba yako na kuuliza ni ya nani. Jibu lipo kwenye rekodi ya PTR, nayo huwekwa na mwenye namba, si mwenye kikoa, hivyo nimeiomba kwa kampuni tuliyokodi kwake. SPF hutaja mashine zenye ruhusa ya kutuma kwa jina letu. DKIM ni muhuri juu ya kila barua, na DMARC humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyotimiza hayo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya, na barua isiyojitambulisha huweza kuishia kwenye takataka au kukataliwa mlangoni. Mialiko ya sherehe ikianguka huko, hatutapata wageni.

Nilikokwama hasa ni kwenye saraka. Hili ni daftari la watu ambalo seva hulisoma kila mtu anapoingia: huyu ni nani, nywila yake ni hii? Letu linatumia LDAP, na mzizi wake hujengwa kwa jina la kikoa, ndiyo maana sikuweza kulianza kabla ya ule ugomvi kwisha. Kwa muundo wa kawaida wa LDAP, mtu haandikwi bila vitu viwili: cn, jina lake kamili, na sn, jina la ukoo. Ukiacha sn wazi, saraka inamkataa.

Sasa jina la ukoo la nani? Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu. La babu si la ukoo, na watoto wangu hawatalichukua. Wapo wenye jina moja tu, na viza ya Marekani huwaandikia FNU mahali pa jina la kwanza. Mwanachama mmoja ana anwani ya barua inayoanza na herufi hizo tatu, na wahadhiri wawili wamewahi kumsalimu hivyo darasani, kwa nia njema kabisa.

Nimeamua hivi, na mwalimu wa isimu akiona nimekosea aniambie. Anwani hazitatokana na sn hata kidogo. Kila mtu atachagua yake, nayo haitabadilika akiolewa au akibadilisha pasipoti. Kwenye sn nitaweka jina la mwisho la hati zake, au lile lile moja alilo nalo, ili programu iridhike. Na kwenye displayName, ambalo ndilo wenzake watakaloliona, litakaa jina analoitwa na watu.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya mkutano ujao, kila mmoja aandike jina lake kwenye daftari la katibu jinsi anavyotaka lisomeke, herufi kwa herufi. Wawili kati yenu mmefanana jina, la baba na la babu pia. Nyinyi njooni pamoja.