BENDERA ILISHUKA, MASIKIO YALIBAKI



Siku ya 30 ya mwezi wa 6 mwaka 1960 bendera ya Ubelgiji ilishuka katika Léopoldville, yetu ikapanda. Bendera ni kitambaa, kila mtu anaiona ikishuka. Lakini masikio ya serikali hayaonekani, nayo hayakushuka siku ile. Vijana wetu wanaambiwa tu ya kwamba Lumumba aliuawa na maadui, basi. Maadui gani? Kwa amri ya nani? Kwa feza za nani?

Wakati wa ukoloni kulikuwa na idara iliyoitwa Sûreté. Kazi yake ilikuwa kujua nani anasema nini: katika vyama vya makarani, katika dini ya Kimbangu na Kitawala, katika magazeti, katika makambi ya wafanyakazi. Mtu aliyeandikwa vibaya aliweza kupelekwa mbali na kwao bila kusimama mbele ya hakimu. Mkubwa wa mwisho wa idara hiyo alikuwa Kanali Frédéric Vandewalle. Uhuru ulipofika hakwenda kupumzika kwao. Mwaka 1961 alikuwa konsuli wa Ubelgiji katika Elisabethville, na mwaka 1964 aliongoza safu ya askari mpaka Stanleyville. Kofia ilibadilika, kichwa kilikuwa kile kile.

Wageni wengine nao walifika. Mkubwa wa CIA ya Marekani katika Léopoldville aliitwa Larry Devlin. Siku ya 26 ya mwezi wa 8 mwaka 1960, Allen Dulles, mkuu wa CIA, alimpelekea telegramu kusema ya kwamba kumwondoa Lumumba ni kazi ya kwanza na ya haraka. Mwezi uliofuata Sidney Gottlieb, fundi wa kemia, akaleta sumu. Haikutumiwa, Devlin alisema baadaye kwamba aliitupa mtoni. Siku ya 6 ya mwezi wa 10, waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, naye aliandika kwamba shabaha ni kumwondoa Lumumba kabisa.

Siku ya 17 ya mwezi wa 1 mwaka 1961, Lumumba, Mpolo na Okito waliletwa kwa ndege hapa Katanga. Usiku ule walipigwa risasi porini, wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji wakiwapo. Baadaye maiti zao ziliyeyushwa kwa asidi. Ninyi mnaofanya kazi ya shaba mnajua asidi inafanya nini.

Namna gani mambo hayo yamejulikana? Karani yeyote atawaambia: anayetoa amri kwa karatasi anaacha alama, hata akificha sanduku. Mwaka 1975 maseneta wa Marekani, chini ya Frank Church, walifungua karatasi zao. Waliona mpango wa sumu, lakini hawakupata ushahidi kwamba Wamarekani ndio waliomwua. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilisema ya kwamba baadhi ya mawaziri wao wana lawama ya dhamiri. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha kwa watoto wa Lumumba jino moja.

Waingereza nao walichoma karatasi nyingi walipokuwa wakiacha makoloni yao, na nyingine wakazificha kwao. Wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau waliwashitaki katika London, na mwaka 2011 karatasi zilizofichwa zikatoka. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa watu 5,228. Mnaona basi: karatasi si takataka. Karatasi ni shahidi asiyezeeka.

Karatasi nyingi za serikali ya koloni ziko Bruxelles mpaka leo. Tunasema wazi: zote zifunguliwe, na nakala zake zije kwetu, watoto wa Kongo wazisome nyumbani. Nyumba ambayo ufunguo wa kabati lake uko kwa mwenyeji wa zamani si yako yote.

Lakini tusidanganyane. Kikulacho ki nguoni mwako. Barua ambazo Marekani ilizitoa mwaka 2013 zinaonyesha feza zilizopewa wakubwa wetu wenyewe, Mobutu akiwa mmoja wao. Mwezi wa 9 mwaka 1960 Sûreté iliingia mikononi mwa Mkongo, Victor Nendaka. Badala ya kulinda nchi juu ya wageni, ikamwinda Lumumba. Kisha chini ya Mobutu, mpaka mwaka 1997, masikio yale yalimsikiliza mwananchi kazini na mahali pa pombe, sawasawa na zamani.

Basi anayetaka karatasi zirudi akubali kusoma ndani yake majina ya Wakongo pia: waliopokea bahasha, waliotia sahihi, waliofunga mlango wa ndege. Hatutaki kisasi juu ya wajukuu wao. Tunataka kujua bei tuliyouzwa, ili kesho mtu akija usiku na bahasha tujue maana yake.

Mgeni analeta feza, lakini mkono wa kupokea ni wetu. Tuufunge mkono huo!