Mpiga gitaa anayetujia Kisegi alipwe mlangoni

Kuna kauli ambayo nimechoka kuisikia kila bendi inapofika huku kwetu kandokando ya ziwa. Ati mwanamuziki aliyewahi kurekodi santuri, au aliyewahi kupanda ndege kwenda kupiga muziki Ulaya, akionekana na gitaa lake katika kilabu cha mabati Kisegi, Sindo au Sori, basi huyo ameanguka. Watu hunong'onezana mlangoni kwamba mambo yamemwendea kombo. Na wakishakwisha kumhurumia, wao hao humtaka awaruhusu kuingia bure!

Msomaji, kauli hiyo si dharau tu. Inamnyang'anya mtu riziki yake, na ndiyo inayoharibu muziki wenyewe.

Tuanze na asili ya mambo. Kabla ya gitaa kufika Nyanza, alikuwako mpiga nyatiti. Ala yake ina nyuzi nane. Huketi chini na kuipiga, huku pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu ikigonga mwili wa ala na njuga zikilia mguuni. Mtu huyo hakungoja kuitwa kwenye jukwaa kubwa. Alikwenda mji hadi mji, matanga hadi matanga, akala na kulala kwa wenyeji, akajua habari za ukoo wa kila aliyemkaribisha. Vijana wa Kijaluo walipolitwaa gitaa na kuzifanya nyuzi zake ziseme kama za nyatiti, ndipo ilipozaliwa benga, na benga ikairithi safari ile ile. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, Tanzania, ambako si mbali na hapa. Akavuka mpaka, akaunda bendi ya Shirati Jazz, akajulikana kuanzia Migori hadi Uingereza alikokwenda kupiga katika miaka ya 1980. Nyimbo zake za mafumbo zilimtia matatani na serikali zaidi ya mara moja. Hata hivyo hakuacha kupiga katika vilabu vidogo, na sijapata kusikia mzee yeyote wa huku akisema kwamba kwa kufanya hivyo alijishusha.

Liko jambo jingine ambalo wenye kudharau hawalijui. Santuri ndogo za zamani zilibeba dakika chache tu kila upande. Wimbo wa benga ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa. Katika kilabu hakuna anayeukata wimbo. Mwimbaji akimaliza aliyo nayo hurudi nyuma, gitaa la solo hushika njia, besi hulijibu, ngoma huongeza mwendo, na wachezaji huweza kukaa humo nusu saa bila kujua wamekwenda wapi. Wazungu walipoanza katika miaka ya 1960 kupiga roki ya saikedelia, ile yenye kuchukua akili na kuizungusha kama njozi, walisifiwa kwa kugundua kwamba wimbo unaweza kurefuka namna hiyo. Sibishani nao. Nasema tu kwamba kwetu ugunduzi huo haukuwa na jina, na tulilipia kiingilio kidogo sana kuupata.

Hata huko kwao, ni vilabu vidogo vilivyowalea. Jimi Hendrix alipita miaka kadhaa akipiga nyuma ya wakubwa kama Little Richard, katika kumbi za Wamarekani weusi, kabla ya kusikika mwaka 1966 katika mkahawa mmoja wa New York uitwao Cafe Wha? na kupelekwa London. Hakuna aliyeviita vilabu hivyo kaburi lake.

Na iko habari iliyo karibu nasi zaidi. Mmarekani Ian Eagleson alikuja Kenya kufanya utafiti juu ya benga. Akiwa Nairobi alishikana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa, na mwaka 2004 mwenziwe wa bendi ya roki, Alex Minoff, akaja kuungana nao. Wakarekodi pamoja na kujiita Extra Golden: roki ya Marekani na benga katika chungu kimoja. Jagwasi alifariki mwaka 2005. Santuri ilitoka mwaka 2006, naye hakuishika mkononi. Wenzake waliobaki walialikwa Chicago mwaka huo huo, na viza zilipokwama, seneta wa Illinois wakati huo, Barack Obama, aliwasaidia, nao wakamtungia wimbo wa shukrani. Sisi tulipiga makofi kwa sababu jina la Obama lilikuwamo. Ni wangapi kati yetu waliouliza Jagwasi alikuwa akilipwa nini usiku mmoja?

Nitaeleza nilichokiona Kisegi, nanyi mhukumu. Sitamtaja mpigaji kwa jina, kwa kuwa yanayompata ni ya wengi. Alikuja na vijana wanne, jenereta, vipaza sauti viwili vilivyoraruka vitambaa, na kidude cha kukanyaga kwa mguu ambacho huufanya mlio wa gitaa upindane na kulia kama mtoto. Mahali penyewe palitosha watu sitini wakibanana. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake, nikaona vidole. Katika wimbo wa nne aliacha kuimba, akakanyaga kidude chake, na kwa muda ambao siwezi kuupima nilisikia nyatiti ya babu zangu ikitoka ndani ya umeme, imepotoka, imevimba, lakini ni yenyewe. Bwana mmoja mvuvi aliyekuwa kando yangu aliweka chupa yake chini polepole, kama mtu aliyeingia kanisani.

Kisha mtu akasimamisha muziki. Kila aliyeishi Nyanza anaijua desturi ya pakruok: mteja hutoa noti, hutaja majina yake ya majigambo, ya ukoo wake na ya mpenzi wake, bendi hupokea na kumwimba. Ni desturi tamu na yenye ufasaha wake, nami sitaki ife. Lakini usiku ule bwana yule mwenye noti alisimamisha muziki mara sita au saba, na kila mara gitaa lililokuwa limefika mbali lilirudishwa mlangoni kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nilipomwuliza mpigaji baadaye kwa nini alikubali, alinijibu kwamba kiingilio cha usiku mzima hakikutosha mafuta ya jenereta. Waliolipa mlangoni hawakufika ishirini, na waliobaki walikuwa marafiki wa fulani na mashemeji wa fulani.

Hapo ndipo penye shina la tatizo. Watu sitini wakilipa kidogo kidogo, mpigaji ni mtumishi wa muziki wake. Wakikataa, inambidi awe mtumishi wa yule mmoja mwenye noti, na mwaka wa uchaguzi ukifika yule mmoja huwa ni mwanasiasa. Halafu sisi tulioingia bure ndio tunaolalamika kwamba benga ya siku hizi ni majina matupu ya matajiri.

Wapo watakaosema kwamba wavuvi hawana fedha. Si kweli wakati wote. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mashua hupumzika na mifuko huwa bado ina kitu. Mwanamuziki mwerevu huuliza habari za mwezi kabla ya kuuliza habari za barabara. Tena kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na miezi hiyo hakuna wa kumlaumu asiyelipa. Lakini nimeona usiku wa mbalamwezi watu wakinunua bia nne na kukataa kiingilio kisichofikia bei ya moja.

Wazee wetu nao wana lao. Wanasema vilabu hivi ni mahali pa ulevi, na kwamba ukimwi uliotumalizia ndugu katika nchi hii ya ziwa ulipata njia humo. Siwezi kuwapuuza, nimezika pia. Nakubaliana nao kwamba mtoto wa shule asikanyage humo, na ningependa muziki uanze saa kumi alasiri na kwisha mapema, jambo litakalowafaa wapigaji wenyewe kuliko mtu yeyote. Kwani bendi ikimaliza saa tisa za usiku hupakia vyombo na kuondoka papo hapo, dereva akiwa hajalala. Misiani alikufa katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 66, bado yumo safarini. Lakini kufunga kilabu hakumpi mpigaji mahali pengine pa kupigia. Kunampeleka kwenye harusi za wakubwa na mikutano ya kampeni, kwa yule yule mwenye noti.

Kwa hiyo maombi yangu ni machache. Mwenye kilabu aandike kiingilio kwa chaki mlangoni, akitoze kwa kila mtu, hata shemeji yake, na fedha hizo zihesabiwe mbele ya kiongozi wa bendi. Pakruok ingoje wimbo umalizike. Na wenye serikali za kaunti za Homa Bay na Migori, ambao hukusanya ada ya leseni kwa vilabu hivi, waangalie kama ada hiyo haiwezi kupunguzwa kwa mwenye kilabu anayeleta bendi yenye magitaa badala ya kuwasha redio na kwenda kulala.

Mpigaji wangu ameahidi kurudi Agosti, uvuvi ukifunguliwa. Ananiuliza kwa simu kama apitie Mbita au Sori, na kama watu watalipa. La kwanza nimemjibu.