Bata mzinga anayekula mayai yake hana kesi ya kujibu

Mfugaji wa Rulenge au Nyakanazi akimkuta jike la bata mzinga likidonoa yai lake, ushauri anaoupata haraka ni kulichinja, au kujaza pilipili ndani ya yai ili likome. Ushauri huo unamhukumu asiyehusika. Hakuna bata mzinga anayezaliwa mla mayai. Hujifunza siku yai linapopasuka kiotani, kiini kikamwagika, naye akaonja na kukuta ni chakula kitamu. Cha kuuliza ni kwa nini yai lilipasuka, na jibu liko mikononi mwa mfugaji.

Sababu kubwa iko kwenye chakula. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. La kuku peke yake hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu, na la bata mzinga, kwa ukubwa wake, huhitaji zaidi. Mahindi, ambayo ndiyo chakula cha ndege katika nyumba nyingi za Biharamulo, yana kalsiamu isiyofika gramu 1 katika kilo nzima. Maganda ya ndizi mabichi ya Ngara nayo hayazibi pengo hilo. Jike hulazimika kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake, na akiba ikipungua ganda huwa jembamba kiasi cha kuvunjika kwa uzito wa mama mwenyewe. Ongeza hapo kiota kisicho na nyasi, majike watatu wanaogombea kona moja, na mayai yanayoachwa humo kutwa nzima: hata ganda gumu litapasuka.

Pilipili haisaidii kitu. Ukali wake unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo humuunguza binadamu, mbwa na panya, lakini si ndege. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa kipokezi cha maumivu cha kuku hakiitikii kemikali hiyo, na ndege wa porini hula pilipili mbivu wakasambaza mbegu zake bila taabu. Anayemwekea bata mzinga yai la pilipili anampikia mchuzi.

Wapo watakaosema kalsiamu ni gharama. Dagaa kutoka Muleba na Chato kweli wana bei, lakini maganda ya mayai yanayotupwa jalalani ni bure: yakaushwe motoni, yasagwe laini hadi yasifanane tena na yai, yawekwe kwenye chombo chake pembeni ili jike ale kwa kadiri anavyohitaji. Mifupa iliyochomwa na kusagwa hufaa pia, na maduka ya pembejeo huuza chokaa ya mifugo (si ile ya kupaka kuta, ambayo huunguza). Kiota nacho hakidai fedha. Sanduku lenye upana wa nusu mita au zaidi, majani makavu ya mgomba, mahali penye giza kidogo, na mayai yaokotwe mara mbili au tatu kwa siku, yahifadhiwe penye ubaridi, kisha arudishiwe mama atakapoanza kuatamia kwa siku 28.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mazoea yakishakomaa hayatoki. Ni kweli kwa baadhi ya ndege, nami simwombei msamaha jike aliyetengwa, akalishwa vizuri, akawekewa kiota chenye mteremko ambamo yai hubingirika mbali na mdomo wake, na bado anawinda mayai ya wenzake. Huyo achinjwe. Ila kwanza mfugaji athibitishe mwizi ni nani. Nyoka humeza yai zima, kunguru hulibeba, nguchiro hulivunja. Na Biharamulo, inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, haikosi wanyama wa namna hiyo. Kiini kilichokaukia mdomoni mwa jike ni ushahidi. Kiota kitupu si ushahidi.

Kumchinja jike na kuacha banda kama lilivyo ni kumwandaa mrithi wake afanye vilevile. Maafisa mifugo wa kata za Ngara na Biharamulo, wanapopita vijijini kuhimiza chanjo ya mdondo, wakague pia viota na vyombo vya chakula, na wawaeleze wafugaji habari ya kalsiamu kabla msimu wa kutaga haujaanza.