Daktari wa zamu akibadilika, daftari lisibadilike

Mama unayempeleka mtoto zahanati binafsi hapa Buzuruga, huenda hili limeshakukuta. Ijumaa umepokelewa na daktari kijana, mpole, akakwambia umrudishe mtoto Jumapili homa isipopungua. Jumapili unamkuta mwingine. Ukimuulizia yule wa kwanza unajibiwa, "Huyo alikuja kushika zamu tu."

Madaktari wa muda ni wengi, na si vishoka. Mtu husoma udaktari miaka 5, akafanya mafunzo kwa vitendo hospitalini mwaka 1, akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha akasubiri ajira. Wakati anasubiri, hushika zamu za usiku na wikiendi, leo Buzuruga, kesho Igoma, akilipwa kwa zamu. Bila wao, milango mingi ingefungwa jua likizama.

Kwa hiyo shida si elimu yao. Shida ni kwamba akiondoka, habari za mgonjwa huondoka naye. Daktari wa Jumapili hajui kuwa Ijumaa mtoto alipimwa malaria na hakukutwa nayo, wala hajui ameshakunywa dawa gani. Anaanza upya. Unalipia kipimo tena, na pengine mtoto anaongezewa antibayotiki nyingine wakati ya kwanza haijaisha.

Dawa yake ni daftari la shilingi chache. Kila mtu nyumbani awe na lake. Usitoke chumba cha daktari kabla hajaandika mambo manne: alichokiona, majibu ya vipimo, dawa na dozi yake, na lini urudi. Mwombe aandike na jina lake. Kisha muulize, "Dokta, nisipokukuta, nimuone nani?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Kama kuna dawa inayomdhuru mtoto, iandike ukurasa wa kwanza.

Ila mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, usisubiri siku uliyopangiwa. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, daftari mkononi.

Nanyi akina baba, siku mkimpeleka ninyi, lisomeni njiani. Jibu la "mama yake ndiye anajua" halimsaidii daktari aliyeingia zamu asubuhi hiyo.