Tuulize Kilo Kabla ya Kuuliza Bei

Mshahara wa mfanyakazi una wadai wengi, na mdai asiyekubali kungoja ni jiko. Mwenye nyumba aweza kuombwa avumilie siku mbili, na mwenye duka aweza kuandika deni katika daftari lake; lakini sufuria haiwezi kuambiwa isubiri mwisho wa mwezi. Kwa hiyo leo twapenda kusema na wasomaji wetu juu ya gesi ya kupikia, bei yake, na namna ya kumchagua mtu wa kutuuzia. Mwenye mshahara mnono huenda akaliona jambo hili kuwa dogo. Kwa mtu wa kima cha chini si dogo hata kidogo.

Zamani si nyingi mfanyakazi wa mjini alikuwa na majiko mawili: la mkaa na la mafuta ya taa. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, kwa kuwa walikuwako wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli na kuharibu magari ya watu. Dawa ile iliponya ugonjwa mmoja, lakini jiko la mafuta ya taa likazimika katika nyumba nyingi. Wengine walirudi kwenye mkaa, na wengine wakaingia katika gesi. Kisha mwezi Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Shabaha hiyo ni njema, maana moshi waumiza vifua vya mama na watoto, na mkaa wamaliza misitu. Lakini mtu anayeambiwa aache mkaa ana haki ya kuuliza: gesi hiyo nitaipata kwa bei gani, na kwa kipimo gani?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, mji kwa mji. Muuzaji aweza kuuza chini ya bei hiyo, lakini hawezi kuivuka, na kituo cha mafuta chalazimika kuweka bei zake katika bango ambalo kila mpita njia aweza kulisoma. Gesi ya mitungi haimo katika tangazo hilo. Bei yake huamuliwa na soko, na mnunuzi huijua pale tu anaposimama mbele ya duka, mtungi mtupu mkononi na watoto wakingoja chakula nyumbani. Mtu wa namna hiyo hana nguvu ya kujadiliana.

Twasikia wengi wakiuliza kwa nini gesi iwe ghali hali nchi ina gesi yake ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Swali ni la haki, na jibu lake lastahili kujulikana. Gesi ile kwa sehemu kubwa ni methani, nayo husafirishwa kwa mabomba. Haikubali kugeuka maji ndani ya mtungi wa nyumbani kwa joto la kawaida. Iliyomo katika mitungi yetu ni propani na butani, nayo huletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Bei yake hufuata bei ambayo Saudi Aramco hutangaza kila mwezi kwa dola. Juu yake huongezwa nauli ya meli, gharama za ghala, lori, wakala na duka. Basi bei ikipanda, si kila mara kwamba muuzaji wa mtaani ni mwizi. Na bei ikishuka huko itokako, mnunuzi hana njia ya kujua kama naye amepata fungu lake.

Lakini liko jambo moja ambalo Aramco hahusiki nalo wala dola haihusiki nalo. Jambo hilo ni mizani.

Mmoja wetu humu ofisini alishangaa kuona mtungi wake wa kilo 6, ambao kwa kawaida hudumu wiki tatu, umekwisha kabla ya wiki mbili na nusu. Alipomlaumu mkewe kwa kupika maharage bila kuyaloweka, mama yule akamjibu kwamba ampelekee lawama muuzaji. Mtungi uliofuata wakaupeleka kwanza kwa muuza nafaka jirani, wakaupima. Ulipungua karibu kilo nzima. Ndugu yetu aliomba radhi nyumbani, na tangu siku hiyo hanunui gesi bila kuipima.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Kila mtungi umechorwa uzito wake ukiwa mtupu. Tuseme umeandikwa kilo 8. Ukitiwa gesi kilo 6, mizani lazima ionyeshe kilo 14. Tuseme tena kwamba muuzaji wa kwanza auza kwa shilingi 24,000, na wa pili kwa shilingi 25,000. Wengi wetu tutakimbilia kwa wa kwanza. Lakini mtungi wake ukionyesha kilo 13, gesi tuliyonunua ni kilo 5 tu, na kila kilo imetugharimu shilingi 4,800. Kwa yule wa pili, ambaye mtungi wake umetimia, kilo imetugharimu shilingi 4,167. Tulidhani tumeokoa shilingi 1,000. Kumbe kwa bei ya yule mwaminifu, gesi tuliyopata haifiki hata shilingi 21,000. Rahisi imekuwa ghali, nasi tumeshukuru na kuaga kwa adabu.

Kwa hiyo twasema: mtu wa kununua kwake si yule mwenye bei ndogo, wala yule aliye karibu zaidi, bali ni yule mwenye mizani dukani na asiyenuna akiombwa kuitumia. Aangalie mnunuzi kwamba lakiri haijavunjwa na kwamba mtungi haukuoza kwa kutu. Adai risiti. Afikapo nyumbani apake povu la sabuni penye kiungo. Likitoa mapovu, gesi inavuja, naye asiwashe moto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya pasipoonekana. Tena aandike tarehe ya kununua na tarehe ya kwisha, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na anayeuziwa kipimo pungufu asikae kimya, bali apeleke habari kwa Wakala wa Vipimo, maana kazi yao ndiyo hiyo.

Hata hivyo, uangalifu wa mtu mmoja hautoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika Ireland ya Kaskazini, nchi ya baridi kali, zaidi ya nusu ya nyumba hupashwa joto kwa mafuta, na mafuta yenyewe ni mafuta ya taa, ndugu wa haya tuyajuayo sisi. Huko mambo yamepinduka: gesi ya mabomba ndiyo ambayo bei yake yasimamiwa, na mafuta yameachiwa soko. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei iliruka kama ilivyoruka kwetu. Lakini watu wa huko wana silaha mbili. Kwanza, Baraza la Watumiaji hutangaza kila wiki bei ya wastani, hivi kwamba hata mzee aliye peke yake ajua kama anapunjwa. Pili, majirani hujiunga katika vyama vya kununulia mafuta, wakakusanya mahitaji yao na kwenda kwa muuzaji kwa sauti moja. Muuzaji hupata wateja wengi kwa safari moja, nao hupata bei nafuu.

Sisi tunakosa nini tusifanye hivyo? Ushirika si neno geni kwetu. Wafanyakazi 40 wa kiwanda kimoja, au wanachama wa tawi moja, au SACCOS moja, wakiagiza mitungi yao kwa pamoja kwa wakala mkubwa, watanunua kwa bei ya jumla, na mizani moja iliyohakikiwa itawatosha wote. Tawi ambalo lina kiti, meza na bendera lakini halina mizani, yafaa lijiulize lawasaidia nini wanachama wake siku ya kwenda dukani.

Kwa upande wa Serikali hatuombi miujiza. Tunakumbuka Agosti 2011, bei kikomo zilipopunguzwa, baadhi ya makampuni yaliacha kuuza mafuta na magari yakakaa foleni. Bei iliyoamriwa bila kufikiriwa yaweza kuondoa bidhaa dukani, na bidhaa isiyokuwapo haina bei nafuu. Tunaomba lililo jepesi zaidi: itangazwe kila mwezi bei elekezi ya gesi kwa kilo, mji kwa mji, kama yatangazwavyo mafuta, na duka lisilo na mizani lisiruhusiwe kuuza mtungi hata mmoja. Muuzaji mwaminifu hatapoteza kitu, bali ataondokewa na mshindani anayemshinda kwa udanganyifu.

Mfanyakazi hupimwa kazini kwa saa, na akichelewa dakika 15 hukatwa. Hatuoni kosa lolote akiwa naye, atokapo kazini na ujira wake mkononi, atadai kupimiwa kile alicholipia, mpaka kilo ya mwisho.