"BWANA AMENIAMBIA NIKUAMBIE"



Leo sina neno laini. Anayetafuta neno la kumbembeleza asubuhi apite, yako mengi kwenye simu yake.

Kuna sentensi moja ambayo siku hizi inaongoza Wakristo wengi kuliko Biblia zao: "Bwana ameniambia nikuambie." Inaingia saa tano usiku, kutoka kwa mtu ambaye hajui hata jina la kifungua mimba wako. Bwana ameniambia nikuambie uache dawa za presha, umeshapona. Bwana amenionyesha shamba lenu lina madhabahu ya ukoo, liuzeni. Bwana amesema huyo mchumba si wako. Na ukishuka chini kidogo, mpendwa, utakuta namba ya M-Pesa.

Kabla hujaandika kwamba Pasta amepoa, nisikilize. Mimi ni Mpentekoste. Ninanena kwa lugha, ninaamini unabii, na nimeona Mungu akifunua mambo ya siri ya watu. Ni kwa sababu ninaamini Mungu anasema ndiyo ninakasirika watu wakimsingizia. Paulo anawaambia Wathesalonike wasimzuie Roho wala kudharau unabii, na papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, anawaambia wajaribu mambo yote (1 Wathesalonike 5:19-21). Sisi tumebeba nusu ya kwanza tukaiacha ile nyingine barabarani.

Fungua 1 Wafalme 13. Sura hii haihubiriwi sana, na nadhani najua sababu. Mtu wa Mungu anatoka Yuda kwenda Betheli. Mungu amemwambia waziwazi: usile huko, usinywe maji, usirudi kwa njia uliyoendea. Mfalme Yeroboamu anamwahidi zawadi, anakataa. Hapo angepigiwa vigelegele. Lakini kuna nabii mzee anayeishi mji ule. Anapanda punda, anamfuata, anamkuta ameketi chini ya mwaloni, anamwambia: hata mimi ni nabii kama wewe, na malaika amesema nami, rudi kwangu ule. Biblia inasema mzee huyo alidanganya. Kijana akarudi, akala, akanywa. Njiani akakutana na simba, akafa.

Umeona? Mfalme na fedha zake alishindwa kumpindua. Aliyempindua ni mtumishi mwenzake, kwa maneno "malaika amesema nami." Na kosa la yule kijana halikuwa dhambi chafu ya mjini. Alikuwa na neno kutoka kwa Mungu mwenyewe, akaliacha kwa sababu mtu mwenye mvi na cheo alidai ana jipya.

Wewe pia una neno tayari. Mungu amekwisha kusema utunze watu wa nyumbani mwako, na asiyewatunza Paulo anamwita mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Kwa hiyo unabii wa kukuambia uuze chakula cha watoto upande mbegu kwa mtumishi, huo hauhitaji siku tatu za kufunga ili kuujaribu. Umeshajibiwa kabla haujafika.

Sasa nitagusa kidonda. Aprili 2023 Kenya nzima ililia kwa ajili ya Shakahola, kule Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watoto wengi miongoni mwao, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Paul Mackenzie ameshtakiwa, ameyakana mashtaka, na kesi ni ya mahakama, si yangu. Ninachotaka uone ni mahali safari ilipoanzia. Haikuanzia kaburini. Ilianza kwa mahubiri kwamba shule si ya Mungu, kwamba hospitali si ya Mungu. Watu wakasema amina. Mzazi aliyemtoa mtoto darasani kwa sababu ya "ufunuo" alikuwa amekwisha kukabidhi masikio yake kwa mtu mwingine. Yaliyobaki yalikuwa hatua tu.

Tafadhali usiseme hayo ni ya Pwani. Sisi hapa Ukambani hatuna chanjo dhidi ya hayo.

Na kuna jambo ambalo sisi watu wa Matiliku tungepaswa kulijua kuliko wengine, maana liko karibu na nyumbani. Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, hapa hapa kwetu, wakafungua kituo chao cha kwanza. Huyo naye alisema Mungu amemwita. Alishamzika ndugu yake huko Kongo, yeye mwenyewe akaugua, akarudi tena Afrika. Desemba 1896, mwaka mmoja tu baadaye, homa ilimuua akiwa na miaka 29. Mapungufu ya wamishenari tunaweza kuyajadili siku nyingine, yapo. Lakini linganisha. Scott alipodai amesikia sauti, aliyetangulia kulipa gharama ni yeye. Huyu wa simu yako anasikia sauti, na anayelipa ni wewe. Kila mwezi.

Watanitupia Zaburi ya 105, wasiguswe masihi wa Bwana. Isome yote. Inazungumza juu ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakitangatanga, na wafalme wanaonywa wasiwadhuru. Haisemi mtumishi asiulizwe maswali. Waberoya walichunguza Maandiko kila siku kuona kama Paulo anasema kweli, na Luka anawasifu (Matendo 17:11). Ikiwa Paulo alipimwa, huyu wa kwenye simu ni nani?

Mwangalie pia Agabo katika Matendo 21. Huyo ni nabii wa kweli. Anachukua mshipi wa Paulo, anajifunga mikono na miguu, anasema hivi ndivyo utakavyofungwa Yerusalemu. Ndugu wanalia, wanamsihi asiende. Paulo anakwenda. Je, Agabo alimlaani? Alimwambia atakufa mwaka huu kwa kudharau upako? Hapana. Walinyamaza, wakaliacha kwa mapenzi ya Bwana. Unabii wa kweli ulimwacha Paulo na akili yake na miguu yake. Ukiona unabii unaokuja na kitisho, "usipotii kufikia Ijumaa," kimbia.

Basi mnaniuliza, Pasta, mimi nitamsikiaje Mungu?

Mwulize mama yako anapandaje ndengu. Hangoji malaika. Anajua mvua za Oktoba ndizo za kutegemewa huku kwetu, anatayarisha shamba mapema, anatazama mawingu, anauliza jirani, anaomba, anapanda. Sehemu kubwa ya uongozi wa Mungu inafanana na hiyo. Neno lake umelisoma mpaka unajua anachopenda na anachochukia. Unaomba. Unawauliza watu wanaokujua, ambao hawafaidiki chochote na uamuzi wako. Unampa jambo muda. Na Mungu akitaka kusema kwa ndoto au unabii, atasema, naye haogopi kusubiri wiki mbili ukithibitisha. Pale Antiokia (Matendo 13) Roho alisema katikati ya watu watano wenye majina, wakifunga na kuomba, na baada ya kusikia wakafunga na kuomba tena kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli. Kwa nini wewe uambiwe peke yako, gizani, na uonywe usimwambie mume wako?

Na nikiwa mimi ndiye nimekuambia "Bwana amesema," nipime vivyo hivyo. Nenda kwa wazee wa kanisa, waulize. Sitakasirika. Nikikasirika, utakuwa umejua jambo muhimu juu yangu.

Jumatano jioni tunafungua 1 Wafalme 13 kanisani. Njoo na Biblia. Kama umetumiwa "neno" wiki hii, usilifute na usitume pesa. Njoo nalo kwenye simu tulisome pamoja na wazee. Na zile dawa ulizopewa hospitalini, mama, meza leo usiku.