Kisangani: Boluti zikiingia, giaboksi bado haijakubali

Katika garaji za Makiso, Mangobo na Kabondo, gari halizeeki mpaka mwenyewe achoke nalo. Land Cruiser za umbo la 60 na la 80, Mercedes W123 zilizoacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 1980, Corolla za miaka ya 1990: motere ikifa, bodi haitupwi. Inatafutwa motere nyingine ya okazioni, mara nyingi changa kuliko gari lenyewe, na baada ya siku chache gari linarudi barabarani. Mgeni anashangaa. Mkaaji wa Boyoma hashangai, maana katika mji ambao gari jipya ni la mashirika na la wakubwa, hiyo ndiyo njia ya mtu wa kawaida kuwa na gari.

Ufundi huo unastahili heshima. Lakini kuna mahali unapokwama: gari lenye giaboksi ya otomatiki. Kwa gari la ambreyaji, motere mpya na giaboksi ya zamani zinaweza kuishi pamoja miaka mingi. Kwa otomatiki ndoa hiyo huvunjika mapema, wakati mwingine kabla mwenye gari hajamaliza deni la motere. Halafu lawama zote zinaangukia giaboksi. Utasikia watu wakisema otomatiki si za barabara za Kongo. Hiyo si haki. Mara nyingi giaboksi haikuwa mbovu. Iliuawa siku ile motere mpya ilipofungwa.

Chanzo cha kwanza kiko sokoni. Motere zinazofika Kisangani kwa nchi kavu hupitia mikono ya wafanyabiashara wa Butembo na Bunia, ambao wengine hununua Dubai na wengine Kampala, ambako soko la Kisekka limejulikana miaka mingi kwa vipuri vilivyotumika. Huko motere huuzwa uchi: bila giaboksi yake, bila kompyuta yake, nyaya za umeme zimekatwa kwa koleo. Kwa muuzaji hesabu ni nzuri, maana giaboksi na kompyuta atawauzia watu wengine wawili. Mnunuzi anafurahia bei ndogo. Hajui kwamba sehemu aliyoiacha Kampala ndiyo ingeilinda feza yake.

Motere ikishafika garajini, swali la kwanza la fundi ni kama boluti zinaingia. Ni swali zuri, lakini ni la kwanza tu. Tazama motere za dizeli za Land Cruiser. 1HZ iliyotoka 1990 na 1HD-FTE iliyotoka 1998 ni ndugu wa tumbo moja. Zote zina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na boluti za nyuma zinafanana. Lakini 1HZ haina turbo, na nguvu yake ya kuzungusha ni takriban Nm 285. Ile ya 1998 ina turbo, pampu yake ya dizeli inasimamiwa na kompyuta, na inafika Nm 430. Matundu ya boluti hayamwambii fundi lolote kuhusu tofauti hiyo.

Wamarekani walilijua hili zamani, maana kwao kubadilisha motere za magari ya kale ni mchezo wa watu wazima. V8 ndogo ya Chevrolet ilizaliwa 1955. Mwaka 1997 kizazi kipya kiitwacho LS kilipoingia ndani ya Corvette, matundu ya boluti nyuma yake yalibaki karibu yaleyale. Ila mwisho wa kranki ulikuwa umerudi ndani takriban milimita 10. Sentimita moja tu. Anayetaka kufunga LS kwenye otomatiki ya zamani lazima aweke pete ya kujaza pengo hilo, na sahani inayolingana nayo.

Kwa nini sentimita moja ina uzito hivyo? Katika otomatiki hakuna ambreyaji ya mguu. Mahali pake kuna konvata, chombo cha duara cha chuma kilichojaa mafuta. Upande mmoja kinafungwa kwenye motere kwa sahani nyembamba. Upande wa pili shingo yake inaingia ndani ya giaboksi na kuzungusha pampu. Shingo ikiingia nusu, inaila pampu polepole. Na kama konvata haikukaa mpaka mwisho, halafu fundi akaikutanisha motere na giaboksi kwa kukaza boluti kwa nguvu, pampu inapasuka kabla gari halijatoka garajini. Kipimo chake hakihitaji mashine ghali. Boluti za kengele zikishakazwa, konvata lazima bado izunguke kwa mkono, na ibaki na nafasi ya milimita chache kabla ya kuvutwa kwenye sahani yake. Ni kazi ya dakika mbili, na fundi asiyeifanya anacheza na feza ya mtu mwingine.

Hata hivyo, konvata ikikaa sawa, bado kuna waya mmoja, na huo ndio unaoua giaboksi huku kila mtu akipiga makofi.

Otomatiki za zamani hazina kompyuta. Zinafikiri kwa mafuta. Ili zijue mguu wa shofere umekanyaga kiasi gani, kuna waya wa chuma ndani ya ganda, unaotoka kwenye mlango wa hewa wa motere, au kwenye mkono wa pampu ya dizeli, hadi ndani ya giaboksi. Shofere akikanyaga, waya unavutwa na shinikizo la mafuta linapanda ili diski za ndani zibanane kwa nguvu. Akiachia, shinikizo linashuka. Ndivyo inavyofanya kazi A440F, giaboksi ya gia 4 iliyofungwa kwenye Land Cruiser 80 za mwanzo. Ndivyo pia 700R4 ya General Motors, iliyotoka 1982 na ambayo mafundi wa Marekani wanaifahamu sana kwa jinsi inavyoungua waya huo ukilegea.

Sasa motere changa haina mahali pa kuufunga waya huo, kwa sababu nyingi zinapokea amri ya kanyagio kwa umeme. Fundi anaufunga kwenye chuma chochote kilicho karibu, au anauacha unaning'inia. Gari linatembea. Tena linatembea laini ajabu, gia zinapanda mapema bila kutikisa, na mwenye gari anamsifu fundi. Kumbe ulaini huo ndio ugonjwa. Giaboksi inaamini kwamba mguu haujagusa kitu, inabana diski kwa shinikizo la mtu anayeteremka mlima, wakati motere inasukuma kwa nguvu zake zote. Diski zinateleza, zinashika moto, mafuta yanageuka kutoka mekundu hadi meusi na kunuka kama chungu kilichosahaulika jikoni. Siku hiyo ndipo inasemwa kwamba otomatiki si za Kongo.

Mercedes W123 za dizeli zinafanya kinyume. Kwao giaboksi inasoma pia mvuto wa hewa unaotoka kwenye pampu ndogo ya motere. Motere ya aina nyingine ikiingia na mabomba membamba yakaachwa wazi, gia zinagonga kama nyundo tangu siku ya kwanza. Heri nyundo, angalau mwenye gari anajua mapema kwamba kuna jambo.

Kosa lingine linatokana na bei ya petroli. Mwenye Land Cruiser ya petroli yenye otomatiki anaona dizeli inamfaa zaidi, anaweka 1HZ, giaboksi inabaki. Otomatiki isiyo na kompyuta hubadilisha gia kwa kupima mwendo wa gari pamoja na ule mguu wa shofere, na vipimo vyake viliwekwa kwa motere inayozunguka haraka. Dizeli haifiki huko. Shofere akikanyaga mpaka chini, motere inalia ikifikia mwisho wake, na gia ya juu haiji mpaka aachie kidogo. Hilo halirekebishwi kwa kukaza waya peke yake. Lazima kifaa kinachopima mwendo ndani ya giaboksi kibadilishwe au kirekebishwe.

Juu ya hayo kuna matope. Mafuta ya otomatiki hupozwa kwa kupita ndani ya radieta. Motere mpya ikija na radieta nyingine isiyo na njia hiyo, mabomba mawili yanaunganishwa tu, na mafuta yanazunguka bila kupoa. Mjini, kutoka soko kuu hadi Mangobo, hakuna anayegundua. Lakini gari likizama kwenye tope na shofere akaendelea kukanyaga, magurudumu yamesimama na konvata inazunguka, joto linapanda ndani ya dakika chache. Barabara ya kutoka Kisangani kupitia Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa hadi Bunia ni karibu kilomita 700 za msitu. Na sehemu za Mambasa na Komanda, ambako waasi wa ADF wameshambulia wasafiri zaidi ya mara moja, si mahali pa kukaa usiku na watoto ukisubiri msaada kwa sababu ya waya uliofungwa ovyo.

Msaada wenyewe nao unaweza kuwa maangamizi. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukuma. Vijana watatoka jasho bure. Na likifungwa kamba nyuma ya lori huku magurudumu yanazunguka na motere imezimwa, pampu haifanyi kazi, vyuma vya ndani vinasagana bila mafuta. Kabla ya kuvutwa mbali, shafti zinafunguliwa.

Basi nani alaumiwe? Mwenye gari ana sehemu yake, kwa kutaka kazi ya otomatiki kwa bei ya ambreyaji. Fundi ana sehemu kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba ule waya haukufungwa mahali, na ananyamaza. Lakini fundi huyo alifundishwa na fundi mwingine aliyejifunza kwenye magari ya ambreyaji, na hakuna aliyewahi kumwekea geji ya shinikizo mkononi. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964, ipo Kisangani. Mafunzo ya jioni juu ya otomatiki, na geji ya kufungwa kwenye tundu ambalo kiwanda kiliacha kwa kazi hiyo, yangewafaa mafundi wa mji huu kuliko semina nyingi zinazofunguliwa kwa hotuba.

Kuna wanaosema dawa ni moja: otomatiki itolewe, iwekwe giaboksi ya ambreyaji. Kwa gari la kubeba watu na mizigo kwenda Bafwasende au Lubutu, wanasema kweli, na fundi anayemshauri mteja hivyo hapaswi kuonekana hajui kazi. Lakini si kila gari la zamani linaenda msituni. Kuna mzee ambaye mguu wake wa kushoto haukanyagi tena, na Mercedes yake ndiyo inayompeleka kanisani na hospitali. Kumwambia auze si jibu.

Kwa mtu huyo, motere inunuliwe pamoja na giaboksi yake, kompyuta yake na nyaya zake zote, hata kama itabidi asubiri miezi akusanye feza. Akiamua kubaki na giaboksi ya zamani, asilipe kazi yote mpaka aone kwa macho yake waya unavutwa mpaka mwisho kanyagio likifika chini, geji ya shinikizo inapanda pamoja na mguu, na mafuta yanapita kwenye kipozeo. Kimoja kikikosekana, afunge ya ambreyaji, na otomatiki yake amuuzie mtu ambaye bado ana motere iliyozaliwa nayo.